Kompyuta Iliyogoma Siku ya Msiba

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikawafundisha watoto wangu, na sasa nawafundisha wajukuu. Lakini, ndugu msomaji, kuijua methali ni jambo moja na kuifuata ni jambo jingine. Mwiba wangu mimi ulikuwa betri ndogo ya duara, yenye ukubwa wa sarafu, nami niliudharau kwa zaidi ya miezi minne. Tende lililoota nusura linikosanishe na mjukuu wangu, na nusura limnyime haki yake mjane wa mtu aliyekwisha kulazwa kaburini.

Mimi ni karani mstaafu, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam. Nilianza kazi mwaka 1978, nikiwa kijana wa miaka 21, katika chumba chenye meza sita, mashine nne za kupiga chapa, na makabati ya chuma yaliyojaa majalada. Siku hizo kompyuta tulizisikia kwa masikio tu. Ile ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa hatua kwa hatua baadaye. Kwa hiyo ujana wangu wa kazi niliumaliza juu ya wino, karatasi za kaboni na daftari kubwa la hesabu.

Mkuu wetu wa chumba alikuwa mzee mkali lakini mwenye haki. Alikuwa na amri moja isiyobadilika: hesabu yoyote isilale ofisini ikiwa imeandikwa mahali pamoja tu. Kila kilichoingia katika daftari kubwa kilinakiliwa katika daftari dogo, na madaftari hayo mawili hayakufungiwa katika kabati moja asilani. Sisi vijana tulinung'unika chini kwa chini. Tuliona ni kuchosha mikono bure.

Kompyuta niliigusa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na mwaka 2009 nikajinunulia ya kwangu huko Kariakoo, ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Ni kisanduku kizito cha rangi ya kijivu, cha aina ya Pentium 4, chenye kumbukumbu ya megabaiti 512, kinachoendeshwa na Windows XP, programu iliyotoka mwaka 2001 na ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia mwezi Aprili 2014. Kwa kijana wa leo hicho ni kitu cha kuwekwa makumbusho. Kwangu kilitosha. Niliandikia barua, nikawekea hesabu za nyumbani, na tangu mwaka 2012 nikakitumia kutunzia hesabu za chama chetu cha kufa na kuzikana, ambacho mimi ni katibu wake.

Wakazi wa mijini wanavijua vyama vya namna hii. Sisi tuko wanachama 64, mafundi, wauza maandazi, madereva, wastaafu na wajane. Kila mmoja hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Anapofariki mwanachama, chama hutoa papo hapo shilingi 200,000 za sanda na mahitaji ya mazishi, bila kuuliza swali. Kisha, siku ya tatu, wakati wa kuanua tanga, familia hukabidhiwa shilingi 600,000, ilimradi marehemu hakuwa nyuma ya michango kwa zaidi ya miezi mitatu. Hapo mwanzo kila mwanachama alikuwa na kadi yake, nami niliitia sahihi kila alipolipa. Ilipoingia kompyuta tulijivuna kuwa tumeendelea, tukaziacha kadi. Orodha yote ikawa ndani ya kisanduku cha kijivu, na mahali pengine popote haikuwapo.

Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, alfajiri, alifariki jirani yetu, mzee seremala. Alikuwa mgonjwa tangu katikati ya mwaka uliotangulia, na karakana yake ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu. Tulimzika siku ile ile alasiri. Tuliporudi kutoka makaburini, mjumbe mmoja wa kamati yetu alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Katibu, tusije tukavunja kanuni kwa huruma. Mtu huyu hakuwa na kazi tangu mwaka jana. Angelipa kwa nini?"

Nilijaribu kukumbuka kama seremala alikuwa akilipa, sikukumbuka. Michango yote hupita mikononi mwangu, na mara nyingine huletwa na watoto wanaotumwa na wazazi wao. Katika wanachama 64, nani aweza kukumbuka kila mkono? Nikamjibu kwamba orodha ndiyo itakayosema, nikaenda nyumbani kuiwasha mashine.

Nilibonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, feni ikazunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Kisha nikasikia mlio mmoja mrefu, kimya kidogo, mlio mwingine mrefu, kimya, na mwingine tena. Nikazima, nikawasha tena. Hali ni ile ile. Mara ya tatu nikaipiga kofi ubavuni, kama tulivyokuwa tukizipiga redio za zamani zilipokoroma. Mlio haukukoma.

Sasa, ndugu msomaji, nitakueleza jambo ambalo sijivunii. Badala ya kujiuliza mashine ina nini, nilipaza sauti nikauliza, "Nani ameigusa kompyuta yangu?"

Nyumbani kwetu anaishi mjukuu wetu wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la sita. Anapenda mno mchezo wa karata uliomo ndani ya mashine ile, na Ijumaa jioni nilikuwa nimemkuta ameketi mbele yake. Ushahidi gani mwingine nilihitaji? Nilimwita sebuleni, na ndugu wa mbali waliokuja msibani walikuwapo. Akasema, "Babu, mimi niliicheza, lakini niliizima kama ulivyonifundisha. Sikuiharibu."

Nikamwambia mbele ya wale wote kwamba ni mwongo, na kwamba kwa upuuzi wake watu wazima wataaibika. Mtoto hakujibu tena. Alitazama sakafu, kisha akaenda kulala bila kula. Mama watoto aliniambia usiku ule, "Baba, hujaijua bado iliyoharibika ni nini, na tayari umekwisha kumjua aliyeiharibu." Nilijifanya nimelala.

Jumapili asubuhi mama watoto mwenyewe alimwita binti wa jirani, aliyesomea ufundi wa vyombo vya umeme na anayetengeneza redio, simu na kompyuta katika kibanda chake. Alikuja na mkoba wa bisibisi, akatusalimu shikamoo, akakaa. Nilitaka kumsimulia habari ya mjukuu, naye akanisikiliza kwa adabu, lakini maswali yake yalikuwa mengine kabisa. Iliwaka vizuri mara ya mwisho lini? Siku za karibuni ilikuwa na tabia gani ngeni? Umeme ulikatika? Mlio ni wa namna gani, mrefu au mfupi, mmoja au mingi? Hakuuliza hata mara moja ni nani aliyeigusa.

Kisha alimwita mjukuu wangu amshikie tochi na kumwekea skrubu katika kisosi zisipotee. Nilitaka kukataa, nikaona haya.

Kabla ya kufungua alitueleza jinsi kompyuta inavyoamka, kwa maneno ambayo hata mzee kama mimi niliyaelewa. Ndani yake kuna kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuushusha hadi volti 12, volti 5 na volti 3.3. Umeme huo ukitulia, kisanduku hutoa ishara kuwa mambo ni salama. Hapo akili ya mashine huamka na kusoma maelekezo mafupi yaliyohifadhiwa katika chipu juu ya ubao mkuu, ambayo mafundi huyaita bayosi. Bayosi hufanya kazi kama mwalimu wa zamu anayeita majina asubuhi. Kumbukumbu ipo? Kioo kipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Wote wakiitika, ndipo bayosi huigeukia diski na kuanza kuipakia programu kuu. Asipoitika mmoja wakati kioo bado hakijawaka, mashine haina njia ya kuandika, basi hulia. Idadi na urefu wa milio hutegemea mtengenezaji wa bayosi. Kwa mashine yangu, mlio mrefu unaojirudia maana yake ni kwamba kumbukumbu haikuitika.

"Babu, wewe uliipiga kofi," aliniambia akitabasamu, "kumbe yenyewe ilikuwa inakutajia kidonda kilipo."

Alichomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa kisanduku. Aibu iliyoje! Vumbi la miaka 14 lilikuwa limetanda humo kama pamba. Aliliondoa kwa brashi laini, akatukataza kupuliza kwa mdomo kwa sababu mate huingia pasipotakiwa. Kila mara kabla ya kugusa kitu aligusa kwanza chuma cha kisanduku, ili umeme mdogo unaokaa katika miili yetu usije ukaunguza vipande vya ndani. Kile kisanduku chenyewe cha umeme hakukifungua. Alisema kinaweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa, na asiye fundi asithubutu kukifungua.

Kumbukumbu ilikuwa vibao viwili vyembamba, megabaiti 256 kila kimoja. Alivitoa, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli mpaka yakang'aa. Nilidhani atavirudisha vyote kwa pamoja, lakini hakufanya hivyo. Alirudisha kimoja tu katika nafasi ya kwanza, akawasha. Mlio mrefu. Akazima, akachomoa waya, akakihamishia kibao kile kile katika nafasi ya pili, akawasha. Safari hii mlio ulikuwa mmoja mfupi, na kioo kikawaka.

"Ningekitupa kibao hiki mwanzoni, ningekionea," alisema. "Kibao ni kizima. Nafasi ya kwanza ndiyo iliyoziba kwa uchafu." Akamgeukia mjukuu wangu akamwambia kwamba fundi mwema hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa maana akibadilisha viwili, hata mashine ikipona hatajua ni kipi kilichoiponya. Mtoto alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikaona uso wake umekunjuka.

Juu ya kioo ulitokea ujumbe kwamba saa ya mashine imepoteza majira, na kwamba mtumiaji abonyeze F1 ili aendelee. Kidole changu kilinyooka chenyewe kuelekea kibodi. Binti akanizuia. "Babu, ujumbe huu umeanza lini?"

"Huo ni wa kila siku," nikajibu. "Tangu mwaka jana. Ukibonyeza F1 unaondoka."

Mjukuu wangu alinitazama, kisha akatazama pembeni. Nami nikakumbuka. Mwezi wa Desemba aliwahi kuniambia, "Babu, kompyuta inasema leo ni mwaka 2002." Nilimjibu kwamba mambo ya wakubwa awaachie wakubwa.

Binti alinionyesha betri ndogo juu ya ubao mkuu, ya volti 3, yenye upana wa milimita 20. Kazi yake ni kuifanya saa ya mashine iendelee kwenda pindi umeme unapokosekana. Ikifa, kila waya unapochomolewa ukutani mashine husahau tarehe, na inapowashwa huanza upya na tarehe iliyowekwa kiwandani. Yangu ilikuwa ikirudi tarehe 1 Januari 2002. Na mimi, kwa kuogopa hitilafu za umeme, nilikuwa nikichomoa waya kila usiku.

Tulibonyeza F1. Alama ya Windows ikatokea, tukashangilia; lakini kabla haijamaliza, kioo kikawa cheusi na mashine ikaanza upya. Ikawa hivyo mara mbili. Binti aliizima, akachukua tochi, akaanza kukagua ubao mkuu sehemu kwa sehemu. Halafu akatuita tutazame. Karibu na akili ya mashine kulikuwa na vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama safu. Hivyo ndivyo kapasita, ambazo kazi yake ni kuusawazisha umeme usiyumbe. Vichwa vyake hutakiwa kuwa bapa. Vitano kati ya vile vilikuwa vimevimba kama mkebe wa chakula kilichooza, na kimoja kilikuwa kimetoa uchafu wa kahawia. Alisema kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina ugonjwa huu, maana kapasita nyingi za wakati ule zilikuwa na kimiminiko kibovu ndani, na joto na vumbi huzimaliza upesi zaidi. Mashine inapoanza kazi nzito, umeme huyumba nayo huanguka.

Mama watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mwanangu, mtoto anaweza kuleta uvimbe huo kwa kucheza karata?"

"La, mama. Hata angecheza mwaka mzima. Uvimbe huu huchukua miezi mingi, pengine miaka."

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa zito kuliko kama wangenitazama wote.

Binti hakuendelea kuilazimisha mashine. Alisema kila ikianguka katikati ya kazi inaweza kuharibu maandishi yaliyomo, na kwamba kinachotakiwa leo ni orodha. Kumbukumbu ya vile vibao husahau kila kitu umeme ukiondoka. Diski ndiyo inayotunza. Basi aliifungua diski, akaiunganisha kwa waya maalumu na kompyuta yake ndogo ya kubeba mkononi. Yapata saa saba mchana faili la chama lilikuwa wazi mbele yetu, na kabla hatujalisoma alilinakili mara mbili.

Nilitafuta jina la seremala, nikashuka mpaka chini ya michango yake. Mstari wa mwisho ulisema Oktoba 2022. Novemba hakuna, Desemba hakuna, Januari hakuna, Februari hakuna, Machi hakuna. Miezi mitano! Moyo ulinishuka. Nikamwona mjane wake ameketi juu ya mkeka, nikajiona mimi nimesimama mbele ya watu Jumatatu nikisema kanuni ni kanuni. Niliinuka kwenda kumwarifu mwenyekiti.

Mama watoto akaniuliza, "Umetazama na ya kwetu?"

Nilirudi nikakaa. Nikatafuta jina langu mwenyewe. Mstari wa mwisho: Oktoba 2022. Lakini mimi nilikuwa nimelipa! Nilikuwa nimelipa kila mwezi, na mchango wa Machi nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu Jumapili iliyopita. Nikatafuta jina la mwenyekiti: Oktoba. La yule mjumbe aliyeninong'oneza: Oktoba.

Mjukuu wangu ndiye aliyeipata siri. Alikuwa ameshika kile kisosi cha skrubu nyuma ya bega langu, akasema polepole, "Babu, panda juu kabisa." Tulipanda. Na huko juu, kabla ya mwaka 2012 chama kilipoanzishwa, kulikuwa na mamia ya michango iliyoandikwa tarehe 1 Januari 2002. Mimi sikuwa nikiandika tarehe kwa mkono. Nilikuwa na vitufe viwili vya kubonyeza ili mashine iweke tarehe ya leo, kisha naiamuru ipange mistari yote kwa kufuata tarehe. Tangu betri ilipokufa mwezi Novemba, leo ya mashine ilikuwa mwaka 2002. Nikiwa naondoka mezani nimeridhika, michango ya watu ilikuwa ikipandishwa dari ya nyumba, mahali ambapo hakuna atazamaye.

Tulihesabu ya seremala. Ilikuwa mistari mitano, kila mmoja shilingi 5,000. Mtu yule alikuwa mgonjwa, hana kazi, karakana imefungwa, na hakukosa hata mwezi mmoja. Baadaye mjane wake alitueleza kwamba alikuwa akiuza randa na misumeno yake, moja baada ya nyingine, na kila mwezi kabla ya kununua chochote alitoa kwanza fedha ya chama. Alisema hataki kuwaachia watu deni.

Nusura nimwite mdaiwa, naye hana tena kinywa cha kujitetea. Na mtoto wa miaka 11 nilikuwa nimekwisha kumwita mwongo, naye kinywa anacho lakini nyumbani kwangu hakikuwa na nguvu. Wote wawili walikuwa na haki. Mashine nayo ilikuwa imenionya kila asubuhi kwa maandishi, kwa zaidi ya miezi minne, nami nikabonyeza F1.

Jioni ile, wale ndugu wa mbali wakiwa bado wapo, nilimwita mjukuu wangu sebuleni, mahali pale pale nilipomshutumu. Nilimwambia, "Jana nilikuita mwongo mbele ya watu hawa. Ulisema kweli. Tena mwezi wa Desemba uliniambia ukweli mwingine, nikaukataa kwa sababu umetoka kwa mtoto. Naomba radhi." Kwa mzee wa kizazi changu maneno hayo hayatoki kwa urahisi, sisi tulilelewa kuona mkubwa hakosi mbele ya mdogo. Mtoto alinijibu, "Si kitu, Babu." Usiku ule alikula sahani mbili za wali.

Jumatatu mjane alikabidhiwa shilingi 600,000 zote. Niliieleza kamati habari yote bila kujificha nyuma ya mashine. Yule mjumbe alisema nami nilimsikia, "Hata mimi ningefutwa." Tangu siku hiyo kadi zimerudi. Kila mwanachama ana yake, nami naitia sahihi kwa wino. Lipo na daftari kubwa, na nakala ya faili hutunzwa na mwenyekiti nyumbani kwake kila mwisho wa mwezi. Mkuu wangu wa chumba wa mwaka 1978 amekwisha kufariki. Angekuwa hai ningekwenda kumwambia kwamba sasa nimeelewa.

Binti alibadilisha kapasita zote tano kwa chuma cha kulehemu risasi, akaweka betri mpya ya shilingi 2,000, na mashine ikawaka. Siiamini tena kwa hesabu za watu. Mjukuu wangu anajifunzia kupiga chapa, na karata anacheza akimaliza masomo.

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako kuna mashine ya zamani kama yangu. Ikigoma kuwaka, usiipige na usiiwashe mara kumi kwa hasira. Isikilize inalia vipi, soma inachokuandikia, kumbuka nini kimebadilika. Chomoa waya kabla ya kufungua. Jaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Ikiwa ndani yake kuna kitu usichoweza kukipata mahali pengine, okoa hicho kwanza, na mashine itengenezwe baadaye. Na usingoje igome ndipo utafute nakala.

Lakini kubwa zaidi ni hili, nalo halihusu kompyuta peke yake. Kikombe kinapovunjika jikoni, fedha zinapopungua kwenye kopo, mtoto anaposhindwa mtihani, sisi wakubwa hukimbilia kuuliza, "Nani?" Binti yule alinifundisha kuanza na swali jingine: "Nini kimetokea, na tangu lini?" Aghalabu ukilijibu swali hilo kwa subira, lile la kwanza hujijibu lenyewe. Na mara nyingine, kama ilivyonitokea mimi, jibu lake ni wewe mwenyewe unayeuliza.